Mabakuli ya Bi Mwanaidi

Jumatano, 3 Aprili 1957

Nimechemsha mashuka tena. Mikono inanuka dawa. Agnesi yuko chumba cha uani na mimi siruhusiwi kuingia. Mama tu. Mdogo wangu ana miaka saba na ana ndui. Nimeliandika neno. Mama hataki litajwe, anasema "ule ugonjwa".

Asubuhi bwana afya amefunga kamba ya katani langoni, nguzo hadi nguzo, na kitambaa chekundu katikati. Haingii mtu, hatoki mtu. Kambi ya wagonjwa imejaa, ndiyo maana tumeachwa nyumbani. Mimi na Mama tulichanjwa. Siku ya chanjo Agnesi alikuwa kwa bibi, Muheza. Baba yuko kwenye shamba la mkonge, Pongwe, amezuiwa asirudi.

Nilikuja likizo fupi tu kutoka shule ya masista. Nina sare moja, misale ya kufuatia Misa, na kitabu cha jiografia cha kuazima. Basi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mtaa wetu mzima wa Nguvumali umefunga. Wao Ramadhani, sisi Kwaresima. Mchana kimya mpaka nasikia kuku wa jirani wakiparua.

Jua lilipozama Bi Mwanaidi, mjane wa nyumba ya pili, ameweka bakuli la futari juu ya ukuta. Muhogo wa nazi. Jana aliweka, juzi aliweka. Mama anachukua, anashukuru kwa sauti, kisha anaingia ndani amenuna. Bakuli la jirani halirudi tupu, kila mtu anajua. Lakini kwetu hakitoki kitu, hata ndimu. Kwa hiyo mabakuli yanapangana jikoni, na Mama anayaangalia kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

Jumapili, 7 Aprili

Hakuna Misa. Nimesoma misale peke yangu, Mama akaitikia kutoka chumbani.

Baba amekuja akasimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Amepiga kelele kuuliza. Mama akajibu kwamba Agnesi anakunywa maji. Alisimama muda mrefu. Sijawahi kumwona Baba hajui aweke wapi mikono yake.

Jumanne, 9 Aprili

Naketi sakafuni nje ya mlango wa Agnesi, kuna pazia tu kati yetu, namsomea jiografia. Hataki hadithi za watakatifu, anasema wote wanakufa mwishoni. Anataka nyangumi. Leo nimemsomea milima ya barafu inayoelea baharini, na kwamba sehemu kubwa imezama, haionekani. Aliuliza nani aliyepiga mbizi akaona. Nikasema sijui. Nimekaa nikifikiri Mungu anavyofanya vitu vikubwa hivyo mahali pasipo na mtu wa kuvitazama. Nimeogopa kidogo. Si woga mbaya.

Jumatano, 10 Aprili

Macho ya Agnesi yamefungika. Usaha. Bwana afya amechungulia akasema wengine hupofuka. Amesema hivyo hivyo, kama anayetaja bei ya sukari. Namchukia.

Mama ameanguka uani na ndoo. Homa ya malaria. Nimemlaza. Sasa nani aingie kwa Agnesi? Mimi, basi. Mama amenishika gauni, hataki kuniachia. Anasema chanjo haiaminiki.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Bi Mwanaidi alikuja langoni na mkeka kwapani. Bwana afya alikuwepo. Akamwambia, "Mama, ukivuka hapa hutoki mpaka kamba ifunguliwe."

Bi Mwanaidi akafunua mtandio. Uso wake una makovu tele, tangu nizaliwe nayaona na sikuwahi kujiuliza. "Mie hii niliipata udogoni, kwetu Mkwaja. Hairudi kwa mtu. Wafungua, au niivuke?"

Akaivuka. Alikunja kanga magotini akainua mguu juu ya kamba kama anayevuka mfereji. Sikuinuka kumpokea. Nilisahau hata shikamoo. Mtu amefunga, hana undugu nasi, hana dini moja nasi, na ameingia.

Ameyatupa nje mashuka yangu yote niliyochemsha. Yanashika ngozi, anasema. Ametaka majani machanga ya mgomba. Agnesi sasa amelala juu ya majani, na kwa mara ya kwanza hajalia alipogeuzwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Kichekesho. Adhuhuri nimempelekea Bi Mwanaidi chai ya maziwa, nimeishika kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaniangalia. "Vero, wataka kunifunguza mchana huu?" Nami mwenyewe nimefunga! Amecheka mpaka akakaa chini. Mama kitandani naye akacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Anasali kando ya kitanda cha Agnesi, nami nasali rozari upande huu wa pazia. Mwanzoni nilipunguza sauti. Sasa sipunguzi. Binti yake anaendelea kuweka futari ukutani, na mabakuli yanaongezeka. Mama ana homa lakini ameyaulizia.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Agnesi hajui jina lake. Anapumua kwa kukwaruza.

Nimemsomea hivyo hivyo. Kitabu kinasema nuru ya nyota nyingine ilianza safari kabla babu zetu hawajazaliwa, ndiyo inafika sasa. Bi Mwanaidi akasema, "Subhanallah." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akamwambia Agnesi sikioni kwamba nyota hizo hajaziona zote, asiwe na haraka.

Mungu, usimchukue. Sina sala nyingine.

Jumanne, 16 Aprili

Jicho moja limefunguka!

Bi Mwanaidi alikuwa akilisafisha kwa maji ya uvuguvugu, kama kila siku. Agnesi akasema, "Bi, una vidoa kama mimi." Nimesikia kwa masikio yangu. Nikavuta pazia, liwalo na liwe, na lile jicho likanitazama. Jekundu, limevimba, linaona. Nimesoma juu ya nyangumi na barafu na nyota, na hakuna kilichonipigisha magoti kama jicho lile.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Sote tumefunga, hata Mama. Jicho la pili limefunguka.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka bila Misa. Nimesikia kengele kwa mbali nikalia kwa hasira. Kisha Agnesi akaomba uji, akamaliza, akaomba tena. Hasira imekwisha.

Baba barabarani ameambiwa. Amekaa chini palepale, kwenye vumbi, na suruali yake ya Jumapili.

Jumatatu, 29 Aprili

Kamba imekatwa. Matandiko yamechomwa, mabakuli yamechemshwa. Baba ameingia. Bi Mwanaidi amekunja mkeka akaenda kwake, kana kwamba alikuja kuomba chumvi.

Bwana afya ameonya: chakula chochote cha jikoni kwetu kisitoke kwanza. Mama amekasirika kuliko siku zote za ugonjwa.

Alhamisi, 2 Mei

Mwezi uliandama jana. Leo Idi.

Mama alikataa kwenda kwa Bi Mwanaidi. Hawezi kumkabili mtu na rundo la mabakuli matupu, siku ya Idi, baada ya yote yale. Alikuwa bado anasema hivyo Agnesi alipochukua lile lenye maua ya buluu akatoka. Nikamfuata hadi langoni.

Bi Mwanaidi alikuwa barazani na kanga mpya. Agnesi akatoa shikamoo, akalinyoosha bakuli. "Mama anasema tusamehe, ni tupu."

Bi Mwanaidi alichungulia ndani ya bakuli. Kisha akauchukua uso wa Agnesi, na makovu yake yote, katika viganja viwili.

"Tupu wapi?" akasema.

Akamketisha ubavuni mwake. Mama alikuwa nyuma yangu, anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nimerudi jikoni kukausha yaliyobaki.

Jioni Agnesi amerudi na bakuli lilelile limejaa tambi. Mama anauliza tutalirudisha na nini.