Figo Zilidhani Maji Yamekwisha

Bi Ruaa, shikamoo. Nasoma majibu yako gazetini kila wiki, naomba unisikilize hata nikichanganya maneno, maana kichwa changu chenyewe kimevurugika na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mimi ni mwanafunzi wa utabibu, mwaka wa pili, hapa Tabora, na tangu Januari tunaye baba yangu mdogo Kasimiri, mkulima wa tumbaku kule Urambo, aliyekuja kwetu Chemchem kwa sababu miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havimwingii na akilala chali pumzi inakata, akapimwa, akaambiwa moyo umechoka, hausukumi damu sawasawa, akapewa vidonge vya kukojoza na kuambiwa apunguze chumvi na maji asizidishe kipimo. Sasa wiki hiyohiyo darasani tulikuwa tunasoma namna ugonjwa unavyoharibu kazi za kawaida za mwili, tukafika kwenye moyo, na mimi nikajiona nimepata mgonjwa wangu, kila nikirudi namfundisha.

Siku moja akaniuliza, "Daktari wangu, nina kiu, nao wananikataza maji. Kwa nini?"

Nikamwambia moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo inapungua, na figo hazijui kama mbovu ni moyo, zenyewe zinadhani mwili umeishiwa maji.

"Kumbe figo nazo zina kiu!"

Nikacheka, nikasema, "Ni kama hivyo, baba mdogo," na hapo nikanyamaza, maana kusema kweli kinachofuata hata mimi nilikuwa sijakielewa, na niliona aibu kusema sijui mbele ya mkewe, mama mdogo Agnetha, aliyekuwa ananitazama kwa fahari.

Kumbe alikwenda na neno lile. Akaacha vidonge kwa sababu vinamwaga maji ambayo figo zinayatafuta, akawa anamaliza dumu la lita tano kwa siku, mama mdogo akimjazia, mimi niko chuoni sina habari, mpaka asubuhi ya siku ya tano tukamkuta ameketi ameshika ukingo wa kitanda, anahema, kifua kinakoroma. Mama mdogo ndipo aliponieleza, tena kwa kujivunia kwamba wamefuata maelezo yangu. Baba mdogo yuko wodini kwa oksijeni, daktari anasema huenda dawa zimeshindwa, anafikiria kuzibadilisha, na mama mdogo anawaambia ndugu kwamba bila mimi, Nyamizi, mzee angekufa.

Mimi ndiye niliyemzamisha, Bi Ruaa. Nikisema, watanionaje? Na bado sielewi, mwili unawezaje kujidhuru huku ukidhani unajiokoa? Au niache masomo?

Nyamizi, Chemchem

*

Nyamizi, marahaba.

Barua yako ilinifika Jumanne na sikuona sababu ya kusubiri gazeti litoke. Uliandika namba ya simu, nikakupigia palepale. Tuliyozungumza nayarudia hapa ili wengine nao wasikie, majina nimeyabadilisha.

Nilikwambia uende wodini saa ileile ukamweleze daktari kwamba mgonjwa hakumeza vidonge siku nne na alikuwa anakunywa maji bila kipimo. Daktari anayedhani dawa imeshindwa atafanya jambo tofauti kabisa na yule anayejua dawa haikumezwa. Ukalia, ukasema, "Bi Ruaa, wataniona muuaji." Nikakuuliza, unamlinda mgonjwa au unalinda jina lako? Ukakata simu. Nilikasirika, sikufichi.

Jioni ukaniandikia kwamba umesema. Daktari akamrudishia dawa zilezile, na Ijumaa mzee akaweza kulala chali. Umefanya vizuri, ingawa umechelewa.

Sasa hilo usilolielewa. Nimefundisha wauguzi miaka ishirini na sita na wengi hukwama hapohapo. Figo hazina macho. Zikipata damu kidogo, zinaamini mtu amevuja damu au ameharisha, basi zinazuia chumvi na maji. Kwa aliyeharisha, huo ni uokozi. Kwa baba yako mdogo maji yapo tele, moyo ndio hauyasukumi. Figo zinapozuia, maji yanarundikana, yanavujia miguuni na mapafuni, moyo unalemewa zaidi, damu ya figo inapungua tena, nazo zinazidi kuzuia. Hata kiu yake imetokana na kosa hilohilo. Ugonjwa mara nyingi hauleti kazi mpya mwilini, unaipa kazi nzuri taarifa ya uongo. Vidonge vile vinazilazimisha figo kuachia maji. Hiyo ndiyo nusu ya somo ambayo hukumwambia.

Kutojua si kosa, wewe ni mwanafunzi. Kosa ni kile kicheko na "ni kama hivyo". Masomo huachi. Ukiacha, utakuwa umemkimbia mgonjwa mara mbili.

Akitoka hospitali, kaa naye pamoja na mama yako mdogo, useme mwenyewe kwamba ulikosea. Watakununia, vumilia. Kisha mzee akueleze yeye, kwa maneno yake, kwa nini anameza vidonge, na usiinuke mpaka aeleze sawa. Maji yake ya siku yawekwe kwenye chupa moja kwa kipimo cha daktari, kiu ikizidi asukutue mdomo na kutema. Apimwe uzito kila asubuhi, na ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, mpelekeni hospitali bila kungoja avimbe.

Na kesho darasani, mwalimu akiuliza kama wote mmeelewa, wewe nyoosha mkono useme hujaelewa.