Mlango wa Mzee wa Mvua

9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Kifua kimekuachia? Nakuombea kiwe kimekuachia. Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu. Baada ya kutengeneza masinki ya mtaa mzima, leo ndiyo kakumbuka kwamba na sisi tunalo, basi kalala chini yake na salamu zake kazitoa kwa sauti ya huko chini. Zipokee hivyohivyo.

Unaniuliza mbona siku hizi sikuandikii habari za sinema. Niandike nini? Nilikodi ile ya Bibi Kope anapouza tiketi kwenye kituo cha treni, ile tuliyoitazama na baba mpaka tukawa tunasema maneno kabla ya waigizaji. Kanda imechakaa! Uso wake umefifia kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la bafuni. Nikairudisha dukani, tukagombana na mwenye duka. Eti, "Mama, kanda hii mpya." Mpya kwa nani? Mpya mtu anashindwa kuziona kope za Bibi Kope, ambazo zamani hata waliokaa safu ya mwisho walikuwa wakipepewa nazo?

Ninachokosa zaidi ni Mzee wa Mvua. Waongozaji wengine, watu wakimaliza kusemezana, wanakata, wanakupeleka kwingine. Yeye mtu akishatoka, kamera inabaki palepale inatazama mlango, na nje mvua yake inanyesha, mpaka na wewe kwenye kiti chako unaanza kuwa mpweke pamoja na aliyeachwa. Wewe ulikuwa ukiguna, "Mbona hakuna kitu?" Mimi nilikuwa nalia.

Kazi ipo. Sare za shule zimerundikana. Juzi nimeshona mfuko wa shati ukaenda upande, mteja akanicheka. Uchovu tu.

Dada yako


2 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, nakohoa kwa mazoea tu. Kazini ni mvuke na mashuka, mashuka na mvuke. Hoteli za mji huu nadhani wageni wake hawafanyi lingine ila kulala. Nikikunja shuka na mwenzangu tunasogeleana, tunaachana, tunasogeleana, namkumbuka Bibi Kope kwenye ile dansi ya ukumbini, nacheka peke yangu. Msimamizi ananiona sina akili.

Dada, nitasema jambo na usininunie. Kanda haina kosa. Barua yako mistari yake inapanda mlima. Umeanza vizuri juu ya karatasi, kufika katikati maneno yanakanyagana, na jina langu kwenye bahasha limeandikwa juu ya stempu. Wewe! Wewe uliyekuwa unanipiga rula nikiandika nje ya mstari.

Na huo mfuko wa shati si uchovu. Nenda kwa daktari wa macho. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda ukamwombe radhi mwenye duka la kanda ukirudi.

Msalimie shemeji, atoke chini ya sinki.

Mdogo wako,
Chiriku


30 Machi

Mdogo wangu,

Uko salama? Sisi tunajikongoja. Hii naandika herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, usinicheke.

Nilikwenda. Daktari ni binti mdogo, kanimulika, kaniambia nina mtoto wa jicho, tena pande zote mbili. Miaka yangu hii, nimepata pacha! Shemeji yako alicheka mpaka nesi akamtoa nje.

Wanasema dawa yake ni upasuaji. Nimekataa. Usianze kelele zako. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi ndiye niliyemshika mama mkono kumtoa hospitali baada ya kukatwa jicho, na mimi ndiye niliyemwongoza chooni na jikoni mpaka alipofariki. Alikwenda anaona kidogo, akarudi haoni kabisa. Kidogo nilichonacho sikipeleki chini ya kisu.

Mashati nimempa fundi mwenzangu. Nabaki na mapindo, hayo nayaona kwa vidole.

Sinema sijaacha. Shemeji yako ndiye macho yangu. Huyu huyu aliyekuwa akikoroma kabla taa hazijazimwa! Tunakaa, kanda inaanza, namuuliza kuna nini.

"Kaingia mwanamume."

"Yupi?"

"Wa kofia."

"Wote wana kofia, Fundi."

"Huyu imemkaa vibaya."

Nilitaka kumpiga na mto. Nikamuuliza Bibi Kope anafanya nini. "Amekaa." Uso wake je? Akafikiri, ndipo akasema, "Kama mtu anayesikia bomba linavuja, lakini hajui ni chumba gani."

Chiriku, ndivyo uso ule ulivyo! Miaka yote hii naupenda nisijue jinsi ya kuusema.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo, na natumaini mmeamka salama wote wawili.

Habari ya mama sikuijua, hukuwahi kunisimulia. Niliisoma chumba cha kufulia, nikalilia kwenye shuka la watu. Lakini nilikwenda kumuuliza nesi tunayeishi naye nyumba moja, nikamweleza ugonjwa wa mama na maumivu yake ya kichwa, maana hayo nayakumbuka. Akaniambia yale hayakuwa mtoto wa jicho, ni presha ya jicho, nayo ni ugonjwa mwingine kabisa, na mama alichelewa. Dada, muulize yule binti daktari. Muulize tu. Kuuliza hakukati jicho.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimeipata filamu ya mwisho ya Mzee wa Mvua.

Ile ile! Iliyobandikwa bango, Bibi Kope amesimama mvuani na sanduku mkononi, halafu sinema yetu ikafungwa kabla haijaonyeshwa, ukumbi ukageuzwa ghala la magodoro. Wewe ulisusa chakula. Kuna mzee anauza kanda za zamani karibu na kazini. Nikaiona katikati ya kanda za mazoezi ya viungo, nikapiga ukelele, akadhani nimeumwa na kitu.

Sijaitazama. Sinema ile ilikuwa yako kabla haijawa yangu, siwezi kukutangulia. Nimeituma na barua hii. Shemeji akusimulie, lakini mwambie asifupishe!

Mdogo wako,
Chiriku


28 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Kanda imefika, nzima, na mimi mzima, na shemeji yako amefurahi kuliko anavyokubali.

Kwanza, nilimuuliza daktari. Yule nesi wako kasema kweli, mama alikuwa na ugonjwa mwingine. Binti wa watu kachukua kalamu kanichorea jicho kubwa kama sahani ili nilione, kanieleza polepole, wala hakunicheka. Nikatoka pale kifua kimelegea, lakini woga haukutoka wote. Woga nimeishi nao siku nyingi, umeshazoea nyumba.

Halafu tukaitazama. Sikiliza. Ni habari ya ndugu wawili wa kike. Mdogo, Bibi Kope, aliondoka nyumbani kwa ugomvi, kaishi mbali, na sasa anarudi. Filamu nzima yuko safarini, na Fundi hakufupisha hata kidogo, kanielezea mpaka rangi ya makochi, na kanda haina rangi! Mwisho anafika. Mvua. Mlango umefungwa. Dirishani dada mtu anaonekana amekaa mezani peke yake. Bibi Kope anainua mkono.

Shemeji yako akanyamaza. Mimi nimeshika mkono wa kiti, namwambia, "Anagonga? Fundi, anagonga?"

"Anagonga," akasema. "Dada mtu anainuka. Anafungua. Wanashikana. Sasa wamekaa, wanakunywa chai."

Nikalia, nikalia. Nikashangaa pia, maana Mzee wa Mvua hana kawaida ya kuwapa watu chai. Safari hii amekuwa mpole, nikasema labda ni uzee.

Asubuhi yake nikamwambia Fundi anipeleke hospitali nikaandikishwe. Ninataka kuuona mlango ule ukifunguliwa, kwa macho yangu. Wananipasua wiki ya pili ya Juni, jicho moja kwanza. Naogopa, lakini nakwenda. Niombee.

Dada yako


25 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wiki ya pili ya Juni imepita. Najua posta ina mambo yake, na najua huwezi kuandika na kitambaa jichoni. Shemeji basi anitupie mstari mmoja. Neno "salama" linatosha.

Chiriku


20 Julai

Dada, au Shemeji, yeyote atakayefungua bahasha hii,

Nimepiga simu kwenye duka lililo jirani yenu. Mwenye duka kasema chumba cha cherehani kimefungwa muda sasa, na nyumba imefungwa, na hajui mmekwenda wapi. Kazini nimeunguza mashuka. Usiku sipati usingizi.

Mimi ndiye niliyekusukuma, Dada. Nikakutumia na kanda kama chambo. Kama imetokea ya mama, niambieni, nije niwe nakushika mkono mimi. Nimeshaomba ruhusa. Mniambie lolote, lakini mniambie.

Mdogo wako


2 Agosti

Chiriku wangu, mdogo wangu, kipenzi,

NAONA.

Naona! Tazama mistari hii, ilete rula uipime. Nisamehe, nisamehe kwa mateso niliyokupa. Tulikaa kwa wifi yangu, karibu na hospitali, maana daktari alitaka aniangalie mara kwa mara, na jicho la kwanza lilipokubali vizuri akasema tusirudi nyumbani, tumalizie na la pili. Kuandika kulikatazwa, kusoma kulikatazwa, kuinama kulikatazwa. Nikamwambia Fundi akuandikie. Akaandika, nilimsikia akihema kwa kazi ya kuandika. "Umetuma?" "Nimetuma."

Jana tumerudi, tumezikuta barua zako mbili chini ya mlango. Nikazisoma mwenyewe, nikageuka kumtazama. Akaenda kwenye sanduku lake la vifaa, akainua spana kubwa, na barua yako hiyo hapo chini yake, ina stempu na kila kitu. Alisimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Nimeiambatanisha. Ina maneno matano, mawili ni jina lako na lake.

Siku walipotoa kitambaa cha kwanza, nilimwona daktari ana kidoti shavuni, nikakisifu kama kito. Halafu nikamwona shemeji yako. Chiriku, nywele zake zimekuwa nyeupe! Nikamwambia, "Hukunieleza hilo." Akasema, "Hukuniuliza."

Leo asubuhi, kabla ya kufungua nyumba vizuri, kabla ya kufagia, nikaweka kanda ya Mzee wa Mvua. Fundi akasema sinki linamwita. Sinki halivuji, lakini nikamwacha aende.

Mdogo wangu, kope za Bibi Kope! Amezeeka katika hii, hawakumficha, kila mkunjo wa uso wake upo, na bado hawezi kusimama kwenye chumba ukamtazama mtu mwingine. Na Mzee wa Mvua katika kila kituo anamwacha akae kidogo zaidi ya inavyopasa, mpaka unajua anaogopa kufika. Kisha akafika. Mvua, mlango, dada mtu dirishani. Akainua mkono.

Akaushusha. Akachukua sanduku, akaondoka.

Kamera ikabaki inatazama mlango. Ikabaki, ikabaki. Ndipo mlango ukafunguliwa, dada mtu akatoka, akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Mvua tu. Basi, imekwisha.

Nikamwita Fundi. Akaja anafuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Hakugonga," nikamwambia.

"Hakugonga."

"Na ile chai?"

Akatazama chini. "Ulikuwa umeshika kiti hivi. Na mdogo wako yuko mbali, na hospitali hutaki kusikia. Ningekwambia ameondoka, ungejifunika shuka na usingetoka humo." Akavuta pumzi. "Mlango ulikuwa umefungwa, mke wangu. Nikaufungua."

Nilijiandaa kumkasirikia. Mtu hachezei mwisho wa Mzee wa Mvua, na ule ndio mwisho bora aliopata kuutengeneza, chai ingeuharibu kabisa. Nikamwambia hivyo. Akasema sawa, lakini yeye angeweka chai. Tukabishana kweli kweli, kuhusu sinema, mimi na Fundi! Mwishowe tukairudisha kanda nyuma tukaitazama tena, na mlango ulipofunguliwa nikageuka nimtazame yeye. Alikuwa analia, mdomo wazi, hata hajui kama namwona.

Ruhusa uliyoiomba usiirudishe. Njoo, si kwa kunishika mkono, njoo tu. Wala usigonge, Chiriku, sukuma uingie.

Dada yako