Pasipoti ya Kendi Isitoke Nyumbani

Kwa dadangu Kendi,

Pokea salamu zilizojaa kuliko gunia la broka wa viazi, lile la kushonewa kilemba juu ili limeze viazi zaidi. Baridi ya Kibirichia inawaachia mapua? Goti la Mama limetulia? Mimi ni mzima, nimenenepa, na hapa stoo ng'ambo nimekuwa mtu mkubwa: boksi halipandi lori kabla Mutwiri hajasema ndiyo.

Hii barua nimempa Njeru wa Ishiara, tunayelala naye chumba kimoja, maana anakuja likizo na atafika Jumamosi. Kupiga simu sikutaka. Simu ni ya Mama, Mama huweka spika, na nasikia yule ajenti Murithi siku hizi yuko hapo kwa kiti cha Baba akinywa chai kama mkwe aliyemaliza mahari. Murithi akishatoka, msomee Mama.

Kendi, mimi nimeona dunia, na hii biashara ya kutafutia watu kazi naijua kwa mgongo. Siku hizi kampuni kubwa haziandiki mtu. Zinakodi watu kwa ajenti, vile sisi hukodi pampu ya kunyunyizia viazi: kazi ikiisha, irudishe kwa mwenyewe. Shati langu lina jina la kampuni moja, na anayenilipa ni nyingine. Maboksi yakiwa mengi, basi linatujia asubuhi limejaa; yakipungua, nusu yetu tunabaki kitandani tukiangalia dari. Na ajenti wangu ni wa kweli, ana ofisi na jina mlangoni. Sisemi wote ni wezi. Nasema mimi hunusa kwanza.

Huyu wenu ananuka. Mara ya mwisho kwa simu uliniambia alikuja kanisani, akatoa ushuhuda, akaomba na Mama, kisha akasema kazi iko tayari huku niliko, umpelekee pasipoti Jumatatu, Meru mjini, pale juu ya duka la mbolea. Nikakuuliza kama alitaka kujua unaweza kazi gani. Ukasema hakuuliza. Hapo usingizi ukaniruka. Hata broka mwizi wa kwetu, kabla ya kununua shamba la viazi, huomba jembe, akachimba shina moja, akaangalia. Huyu ananunua bila kuchimba?

Basi nikampigia kwa laini ya Njeru ya nyumbani. Nikajifanya mzee wa Ishiara, nikakohoa vizuri, nikamwambia nina mtu anataka kazi ya ng'ambo.

"Lete pasipoti tu, mzee," akasema. "Nafasi ziko."

Nikamwambia ni nyanyangu. Meno yameisha, anaona na jicho moja, na akisimama lazima ashikwe.

Hakucheka, Kendi. Angecheka ningemsamehe. "Hakuna shida, mzee wangu. Atapata kazi. Pasipoti iko tayari?"

Njeru alicheka mpaka akaanguka kitandani. Mimi pia nilianza kucheka, halafu nikawaza. Mtu wa kazi angeuliza nyanya atafanya nini. Hapa stoo kwetu kuna msichana wa Embu anayefagia, alikuja kwa njia kama hiyo. Pasipoti yake imefungiwa na mtu asiyemjua. Babake amezikwa, yeye akiangalia kwa simu ya kuazima.

Najua umechoka kukaa na cheti chako cha upishi huku ukivuna viazi vya bei ya kulia. Mimi wa darasa la saba sina mdomo wa kukuzuia. Lakini Jumatatu usiende. Mwache Murithi aje nyumbani, Mama akiwepo na mjomba akiwepo, umuulize: nitampikia nani, na anaishi wapi? Akitaja, mpe Njeru hilo jina anitumie, na Ijumaa yangu ya kupumzika nitaenda kugonga huo mlango mwenyewe. Nikikuta watu wa heshima, nitakupokea uwanja wa ndege nimevaa tai. Akishindwa kutaja, mwache amalize chai, umfungulie lango.

Nisalimie mjomba wetu mwalimu, aliyenichapa nikakataa kuelewa. Msalimie shemeji yetu wa boda, mwambie apunguze mwendo, na Mama Nkatha jirani, anayewapa maziwa wakati ng'ombe wetu amekauka.

Najua utanuna, na Mama atasema nakuonea wivu. Nunieni mtakavyo, mradi pasipoti iko mkononi mwako.

Kakako akupendaye kwa kelele,
Mutwiri