Mashamba Mekundu ya Buterere

Mjukuu wangu Ineza,

Huku Kanyosha tuko wazima, na dada yako amejifungua msichana. Unauliza kama satelaiti huwaona watu mafuriko yanapokuja.

Miaka ya sabini, nikiwa msichana katika ofisi ya ramani, tuliletewa picha yetu ya kwanza ya satelaiti. Mpunga wa Buterere ulikuwa mwekundu, maana picha hizo huonyesha mimea kwa rangi nyekundu, ziwa jeusi, kama nchi niliyoiota. Maji ya mvua zilizopita yalionekana yamefika pale nilipojua ni nyuma ya nyumba ya mama, na mvua zilikuwa zinarudi. Nikampelekea picha.

“Mi niko wapi hapa?”

“Hauonekane, mama. Nyumba ni ndogo.”

“Kama hainione, itajuaje maji itanikuta?”

“Yenyewe inaona maji tu. Kukuona we, nimekuja mwenyewe.”

Alicheka, kisha akaniambia nishike mlango kwa chini, tuung’oe, tuhame nao, maana ndicho kitu cha thamani nyumba ile ilichokuwa nacho.

Ni mimi, bibi yako.