Tiyo Nyembamba na Amina

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu kutoka Nakivale. Goti la bibi yako limepona, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unasema bosi wako hapo Mbarara amefunga pompi kubwa ya esansi kwenye lori yenye kompresa, lakini ameacha tiyo ya zamani, nyembamba, inayopeleka esansi hiyo kwenye injini. Jumamosi lori itabeba kwaya kwenda Endiinzi, na wamekwisha kuiombea. Unauliza kama bado unaweza kusema juu ya tiyo hiyo.

Huko Uvira, nilipokuwa fundi kijana, tulifanya vilevile. Nilijua motere inayosukumiwa hewa nyingi na kompresa ikikosa esansi ya kutosha inaungua. Lakini pasta alikuwa amekwisha kuombea lori, watu wote wamesema Amina. Niliona kusema baada ya pale ni kumtilia Mungu mashaka. Nikanyamaza, nikapanda nyuma pamoja na abiria.

Mlimani motere ikagonga, ikazima. Breki hazikushika. Lori ikaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni, akina mama wakipiga kelele. Niliruka na gogo moja la kuzuilia lori, nikalitupa chini ya tairi. Likateleza. La pili likashika.

Mwalimu wangu wa ufundi akashuka.

"Tiyo uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

"Tulikuwa tumekwisha kuomba."

Akanitazama sana. "Na hayo macho, ulifikiri nani alikupa?"

Nenda kwa bosi wako, mwanangu, kabla kwaya haijapanda.

Ni mimi babu yako, ambaye mpaka leo nalisikia lile gogo la kwanza likiteleza.