Aura ya Bwana wa Ngome

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Mimi ni mzima. Macho ya watu yananipa kazi ya kutosha, na ile mashine ya kusagia vioo vya miwani imetengenezwa, haikohoi tena kama mgonjwa wa pumu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu umeikata kila mara kabla sijamaliza sentensi. Barua haikatiki hivyo. Kuichana unaweza, lakini isome kwanza, walau upate sababu ya kuichana.

Umesema nimeingia kwenye uchawi, niache mara moja, nije nikae mbele ya ukoo nijieleze. Najua habari imetoka wapi. Baba Mdogo alikuja dukani kuchukua miwani yake, akasikia sauti chumba cha nyuma, akachungulia. Alimkuta mwanamume mzima amesimama, anatangaza kwamba anaita moto uteketeze daraja, na mimi namuuliza amebakiwa na nguvu kiasi gani. Baba Mdogo hakuaga. Miwani yenyewe aliiacha. Mwambie ipo kwenye droo. Angekuwa ameivaa, labda angeziona dadu mezani.

Maana ule ni mchezo, Baba. Jumamosi mchana, nikishamaliza kazi, tunakaa watatu. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, tunamwita Desimali, kwa kuwa hata sukari ya chai anaipima kwa sehemu za kumi. Mwingine anaendesha gari la wagonjwa, huyo ni King'ora, na ndiye aliyekuwa akichoma daraja. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Desimali anasimulia tulipo na kilicho mbele yetu, sisi tunasema tunafanya nini, dadu zinaamua kama tumeweza. Hakuna hirizi wala kafara. Kuna karatasi, penseli na ubishi.

Ubishi ni mwingi kwa sababu mchezo huo tunautunga wenyewe. Desimali alitaka uchawi uwe kama betri: unatumia nguvu, zinaisha, unalala, zinajaa tena. Mimi nikakataa. Nikasema mtu anayeita moto asiamke kesho yake kama aliyekunywa maji tu. Kila alichokifanya kibaki mwilini mwake, na wengine wakione. King'ora akaniunga mkono, tukamshinda Desimali kwa kura, akanuna mpaka chai ikapoa.

Tukafika kwenye aura, yaani ile nguvu inayomzunguka mtu na kuwagusa walio karibu naye. Desimali alitaka iwe kama taa. Shujaa anaiwasha akitaka, wenzake wanapata nafuu kwenye dadu, akichoka anaizima. Hapo ndipo niliposimama, Baba, na tangu siku hiyo sijakaa. Nilisema aura haiwashwi na mwenyewe. Inaota kutokana na aliyoyatenda, na anayechelewa kuijua kuliko wote ni yule aliyeibeba. Kama watu wanamhofu, basi akiingia chumbani dadu za kila mtu zipungue, hata za wanaompenda, hata kama amewaletea chakula.

Desimali akalalamika kwamba huo ni uonevu, mtu haadhibiwi kwa asichokikusudia. King'ora, ambaye kwa kawaida hutania tu, safari hii alijibu taratibu. Alisema yeye akiegesha gari lake kwenye ua wa watu, wanaanza kulia kabla hajafungua mlango, na hajamfanyia mtu yeyote lolote. Desimali akaweka penseli chini. Kisha akaniuliza kanuni kama hiyo nimeitoa wapi.

Nikamwambia nimeitoa nyumbani kwetu.

Usiikunje barua, Baba. Nilisema pale mezani kwamba hujawahi kutuinulia mkono, kwamba ada hukuichelewesha hata muhula mmoja, kwamba viatu vyangu vya shule ulikuwa ukivipiga rangi mwenyewe. Yote ni kweli na nayashukuru. Lakini geti likilia, redio ilipunguzwa. Mdogo wangu alificha vitabu vyake vya picha chini ya mto. Mama aliukata wimbo katikati ya neno. Paka naye alishuka kwenye kiti, na paka hakuwahi kufokewa. Ulikuwa ukiingia, unatukuta tumekaa kimya, na nadhani ulidhani hiyo ndiyo amani.

Basi tukaijaribu kanuni yangu. Desimali alitunga ngome, na ndani yake akamweka Bwana wa Ngome, mtu mwema anayelisha watu wote, mwenye aura nzito. Jumamosi hiyo tulikuwa na mgeni, mama mtu mzima ambaye hajawahi kushika dadu maishani mwake. Alikuwa amekaa pembeni anatutazama, tukamkaribisha, akakubali kuwa mpishi wa ngome. Kazi ya mpishi ilikuwa kumwambia Bwana kwamba kisima kimeingia sumu. Mgeni akauliza anahitaji dadu ngapi ili aweze kusema. Desimali akamwambia kwamba Bwana akiwa chumbani apate sita tupu, akiwa hayupo hata mbili inatosha.

Mgeni akaziweka dadu chini. "Basi nitangoja atoke," akasema.

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikaa anaitazama ile karatasi yenye ramani ya ngome, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimengoja atoke miaka yangu yote."

Baba, mgeni huyo ni Mama.

Hayuko kwa Mama Mkubwa kuuguza magoti yake, kama alivyokuaga. Magoti ya Mama Mkubwa ni mazima, anapanda ngazi upesi kuliko mimi. Mama yuko kwangu, analala kitandani kwangu, nami nalala kwenye godoro la sakafuni, na alikuwa amenikataza kukwambia mpaka nilipomwomba ruhusa ya kuandika haya. Hajakimbia, na hakuna mtu aliyemrubuni. Alikuja na mkoba mdogo, akasema anataka kusikia sauti yake ikoje siku hizi. Sasa anaimba akifua. Anaimba vibaya, Baba, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nakujibu. Mchezo siuachi. Mbele ya ukoo siji kukaa, maana sina kosa la kujieleza. Na kanuni ya aura haibadiliki. Desimali mwenyewe sasa anaitetea kwa hesabu.

Nilitaka aura ile isivulike kabisa. Mama ndiye aliyenipinga. Alisema inavulika, ila si kwa uchawi. Bwana aketi, aambiwe yote, na asiinuke mpaka msemaji amalize. Akiinuka kabla, irudi nzito kuliko mwanzo. Tumeandika hivyo, neno kwa neno.

Mama hajasema amekuacha. Amesema hatarudi kwa kuitwa kwa simu, wala kwa kufuatwa na Baba Mdogo. Ukija mwenyewe atakupokea. Duka unalijua. Bisha hodi, ungoje uitikiwe, na kama tuko mezani uvute kiti. Siahidi kwamba nitakuwa mpole siku hiyo. Nimekuwa mpole muda mrefu, na upole huo haukutusaidia, mimi wala wewe.

Nisalimie mdogo wangu, mwambie vitabu vyake aviweke juu ya meza. Msalimie Baba Mdogo, macho yake nayafikiria. Majirani wote nao uwape salamu zangu. Mama naye anakusalimu. Amesema niandike kwamba dawa yako ya mgongo ipo kabati la kushoto, nyuma ya vikombe, na usimeze ukiwa na njaa.

Ni mimi bintiyo, nisiyeomba radhi safari hii,

Fundi Miwani