Vidonge vya Yustina

Dar es Salaam, Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na nyumba mliyoanza baada ya kuhamishiwa kijiji kipya, mmeshaiezeka? Mimi mzima. Ninayekuandikia habari zake ni mkweo Yustina.

Unakumbuka alivyoondoka Usevya amenawiri, nyie wote mkimsifu. Huku magoti yakaanza kumuuma. Daktari akamwambia apunguze uzito, akamwandikia vidonge vya kuzuia njaa, vya mwezi mmoja tu. Akapungua kweli. Ofisini anakopiga chapa wanawake wakawa wanamfuata: "Yustina, umetumia nini? Hebu tuonyeshe karatasi ya daktari." Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Vilipokwisha, daktari alikataa kuongeza. Yustina akapata vingine kwa mwenzake wa ofisini. Sasa anashinda na chai kavu. Usingizi umemkimbia, mikono inatetemeka. Juzi juzi alianguka kanisani akienda kukomunika. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mama watoto, basi, yatosha."

Akasema, "Unataka nirudi kuwa gunia?"

"Nani alikuita gunia?"

"Wewe. Kwenye harusi ya mdogo wako, mbele ya rafiki zako. Ukacheka."

Mama, ni kweli nilisema. Nilikuwa natania tu, na watu walicheka, nami nikasahau siku ileile.

Nilivichukua vidonge nikavitupa chooni. Siku tatu alilala kaelekea ukutani, hasemi na mtu, hata mtoto akilia haamki. Siku ya nne nilikwenda mwenyewe kwa yule mwenzake, nikamwomba vingine. Nilipompa Yustina alinishukuru, akainuka, akaoga, akambeba mtoto. Toka hapo nashindwa kumtazama usoni.

Nilitaka nimlete kwako apumzike. Hataki. Anasema mtamuuliza kapatwa na nini. Nikirudi kwa daktari, nitasema nimempa mimi? Sijui nishike lipi, Mama. Niombee.

Nisalimie Baba, mwambie jembe alilonipa bado ninalo. Msalimie dada Kristina na mumewe, na shangazi aliyenilea nilipokuwa nasoma Mpanda. Lakini haya ya Yustina usimwambie mtu.

Yustina yupo hapa mezani, anajua nakuandikia. Amesema nikwambie yeye hajambo, na amependeza.

Ni mimi mwanao,
Deogratias